Volkano ya tope imelipuka, je ni tetemeko la mbali? Jinsi ya kuchunguza

Tetemeko limepiga huko mbali, mara volkano ya tope (tundu la ardhini linalotema tope, maji na gesi, sio lava) inaanza kutema na kila mtu ashapata jibu, ndo hilo hilo tetemeko. Ngoja kwanza.

Anza na chupa ya tomato sosi iliyokaa siku nyingi. Ipindue, haitoki kitu, ipige kidogo kwenye kitako afu uone inavyomwagika yote kwa mpigo. Tope la chini ya ardhi nalo ni hivyo hivyo, limetulia zito, ndani kuna maji na gesi (methani hasa) vimebanwa, mawimbi ya tetemeko yakipita yanalilegeza, viputo vya gesi vinapanda na nyufa zilizoziba zinaweza kufunguka. Ila mawimbi yanachokoza tu, presha yanaikuta tayari ipo, ndo maana volkano iliyojitapisha juzijuzi unaweza kuitikisa na isishtuke, mpaka ijae tena.

Sasa chukua ukubwa wa tetemeko na umbali wake, uviangalie pamoja. Ukubwa ukipanda namba moja tu nishati inazidi kama mara 32, kwa hiyo 6.3 na 7.7 sio majirani hata kidogo. Tarehe 24 Septemba 2013 tetemeko la 7.7 lilipiga Balochistan, Pakistan, na siku hiyo hiyo kisiwa cha tope kikaibuka baharini karibu na Gwadar, kama kilomita 400 kutoka kwenye kitovu. Watu wakakiita Zalzala Koh, yaani mlima wa tetemeko. Hapo mimi sina ubishi.

Angalia na saa. Mawimbi ya juu ya ardhi yanakimbia kilomita 3 hadi 4 kwa sekunde, kilomita 250 yanazimaliza kwa dakika moja na kidogo. Mlipuko ukichelewa siku mbili bado inawezekana, presha huwa inapanda polepole, ila anayelitaja tetemeko atueleze hizo siku mbili zilipita vipi.

Kesi ngumu ni volkano ya tope ya Lusi, kule Sidoarjo, Java Mashariki, Indonesia. Tope lilianza kutoka 29 Mei 2006, siku mbili baada ya tetemeko la 6.3 la Yogyakarta, umbali wa kilomita 250 hivi, na hapo jirani kabisa, mita kama 200, kulikuwa na kisima cha gesi kinachimbwa! Wataalamu wamebishana miaka na miaka. Mimi naegemea kisima, kwa sababu wapo waliopitia kumbukumbu wakakuta matetemeko ya nyuma yalilitikisa eneo hilo zaidi ya hili la Yogyakarta na hakuna kilichotoka, na hicho ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, volkano yako ilishatikiswa hivi mara ngapi ikanyamaza?

Mwisho waulize wanaoishi karibu nayo ilikuwaje wiki moja kabla. Kama viputo vilishaongezeka na tope limeanza kupanda, basi tetemeko limekuta mgeni ashafika mlangoni.