SOMO: Kupima tabiditi ya chujio moja moja na kuandika unachokiona

Wakuu habari za jioni. Hili somo naliweka mara moja tu, maana wiki hii pekee watu wanne wamenifuata inboksi na swali lile lile, chujio linapimwaje na ripoti inaandikwaje, mnanichosha, kuanzia leo nikiulizwa natuma linki nalala zangu. Mimi ni opareta wa mtambo wa maji huku Tanga, mtu wa shifti, sio msomi wa maabara.

Kwa wageni: chujio ni lile tabaka la mchanga mtamboni linalochuja maji, na tabiditi ni ule ukungu wa maji, unapimwa kwa NTU. Mita inapiga mwanga kwenye kichupa halafu inasoma ule uliotawanyika pembeni, nyuzi 90. Na sio suala la urembo, vijidudu vinajificha kwenye chembe za tope klorini isivifikie, ndo maana WHO wanataka maji yawe chini ya NTU 1 kabla hujatia klorini.

1. Washa mita, iache ipate joto.

2. Hakiki kwa stendadi za formazini, yale maji ya ukungu wa kutengenezwa ambayo NTU yake inajulikana. Zilizopita muda tupa, usimwonee huruma mtu wa stoo.

3. Fungua koki ya sampuli ya chujio husika, acha maji yamwagike kidogo ndo ukinge. Kila chujio na koki yake.

4. Kichupa. Hapa tulieni. Masika moja, nikiwa mtambo mwingine sitautaja, nilikuwa shifti ya usiku, nimetoka kula bagia, mkono nikaufuta kwenye suruali nikajiona msafi. Chujio namba tatu likasoma 2.8. Narudia, 2.7. Nikaliosha, nikapima bado iko juu, nikaliosha tena, maji safi yote ya kuoshea yakaishia mtaroni na asubuhi mabomba ya watu wa mlimani yanapumua upepo tu, simu zinaita. Mzee wa maabara alipoingia hakugomba, akachukua kichupa akakiinua dirishani: dole gumba langu limejichora pale pale mwanga unapopita, mistari unaihesabu. Akakifuta, 0.3. Akaniuliza, "Chujio umeliosha mara mbili, hiki je?"

Kwa hiyo shika kifuniko, sio tumbo la kichupa. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Usitikise, geuza taratibu usubiri viputo vipande, kiputo nacho mita inakihesabu tope. Alama ya kichupa ielekee alama ya mita kila siku. Na sampuli iliyotoka friji usiipime hapo hapo, kwa joto hili la pwani kichupa kinatoka jasho, utapima jasho.

5. Andika saa, namba ya chujio, NTU, na lilioshwa lini. Chujio likitoka bekiwoshi, yaani kuoshwa kwa maji ya kurudi kinyume, tabiditi inapanda kwanza ndo inashuka, hiyo ya kupanda nayo iandike, na kama una vali ya kumwaga maji ya mwanzo mwaga mpaka itulie. Ukikosea kuandika piga mstari mmoja, saini pembeni. Korekta marufuku.

MASWALI

FundiBomba: Mkuu sijasoma yote ni ndefu, kwa hiyo nakinga tangini?

Mleta somo: Hatua ya 3.

Raskazone_2: Sisi ikitoka mbaya tunapima mpaka itoke nzuri ndo tunaandika hiyo, si ndo ile ile?

Mleta somo: Sio ile ile. Ukitaka kupika, pika pilau, namba ziache mbichi. Rudia kupima sawa, ila andika zote mbili na sababu.

Raskazone_2: Mbona mkali, nimeuliza tu

Mleta somo: Nimejibu tu.

BintiMuheza: Shikamoo kaka. Kwanini tusipime yale ya pamoja yakishachanganyika, si ndo watu wanakunywa?

Mleta somo: Marahaba dada, hili ndo swali. Chukua machujio manne yanayopitisha maji sawa, matatu yana 0.2, moja limepasuka mchanga linatoa 1.4. Ya pamoja inasoma 0.5, unaona kheri, kumbe kuna mlango uko wazi. Marekani kwa mitambo kama yetu ya shabu (dawa ya kugandisha tope) na mchanga kila chujio linarekodiwa kila dakika 15, ya pamoja kila saa 4, na 95% ya vipimo vya mwezi visizidi 0.3. Walijifunza kwa machungu, Milwaukee mwaka 1993 tabiditi ilipanda mtamboni, kimelea kisichouliwa na klorini kikapita, inakadiriwa watu 400,000 waliumwa tumbo. Sisi wa mita ya mkononi hatuwezi dakika 15, lakini mto Zigi tunaochota maji ukishuka na rangi ya chai ya maziwa mimi nazunguka kila saa.

BintiMuheza: Ahsante. Bibi yangu Pangani alikuwa anatwanga mbegu za mlonge anatia ndooni, ni imani au?

Mleta somo: Sio imani, ile mbegu ina protini inayogandisha tope lizame, kazi ile ile ya shabu. Ila akishachuja achemshe, na yasikae siku nyingi, mabaki ya mbegu yanaoza yananuka.

FundiBomba: Sasa nimesoma yote. Kichupa changu kina mikwaruzo midogo na bosi hanunui kingine

Mleta somo: Aa sasa tunaongea. Tone moja la mafuta ya silikoni, paka kwa nje, futa mpaka kionekane kikavu, linaziba mikwaruzo midogo. Ikiwa mikubwa tupa.

FundiBomba: Kitambaa cha kufutia miwani kinafaa?

Mleta somo: Kinafaa sana. Usikirudishe tena kwenye miwani.