Namna ya Kuwatania Mababu wa Muziki: Maneno ya Picha na Mashairi Mepesi

Katika vyumba vya mazoezi vya kwaya za Lubumbashi, na katika makundi ya simu ambamo wanakwaya hutumiana nota na ratiba, sura za watunzi wa zamani wa Ulaya huonekana mara kwa mara: Bach mwenye wigi, Handel mwenye koti la nakshi za dhahabu, Beethoven aliyekunja uso kama mtu anayedaiwa. Wanatundikwa kwa heshima, kisha hakuna anayewatazama tena. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika chini ya sura hizo maneno machache, au ubeti mmoja, yatakayomfanya msoprano, mwimbaji wa sauti ya juu, acheke na hata yule aliyemsindikiza tu rafiki yake mazoezini acheke pia.

Kanuni ya kwanza inatoka nyumbani. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, hata kumwambia kwamba bibi ni mke wake yeye, ilhali baba hataniwi hivyo. Basi mtunzi wa karne ya 18 achukuliwe kama babu. Utani wa namna hiyo una masharti mawili ambayo kila mjukuu anayajua bila kufundishwa: unamtania mtu unayemfahamu, na unamtania kwa jambo ambalo yeye mwenyewe, kama angekuwa barazani, angelicheka. Anayeandika chini ya picha ya Mozart bila kujua chochote kuhusu Mozart huishia kuandika juu ya nywele, na vichekesho vya nywele vimekwisha tangu zamani.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kutazama, si kwa kuandika. Chukua picha moja na uitazame kwa utulivu mpaka uone jambo ambalo wengine wamelipita. Tuchukue ile ya Bach iliyochorwa na Elias Gottlob Haussmann mwaka 1746. Watu wengi huona wigi, vifungo vya koti na uso mkali. Tazama mkono wa kulia: umeshika kikaratasi kidogo, na unakielekeza kwetu ili tukisome. Karatasi hiyo ni kanoni ya sauti sita, yaani muziki ambamo sauti hufuatana zikiigana, lakini sauti tatu tu ndizo zilizoandikwa. Tatu zilizobaki mwanamuziki azitafute mwenyewe, kwa maana ni fumbo. Sasa ongeza jambo moja la kweli kutoka maishani mwake: Bach alizaa watoto 20. Mtu mwenye watoto 20, anayekunyoshea kikaratasi kwa uso usiotaka mabishano, hana haja ya kuelezwa sana katika mji wa wazazi wanaosimama kwenye mlango wa shule kila mwanzo wa muhula kulipa minervali, yaani ada. Chini yake andika: «Minervali ya watoto wote nimelipa. Risiti ni hii hapa.»

Angalia jinsi maneno hayo yalivyopatikana. Kuna kitu kinachoonekana kwenye picha, yaani karatasi. Kuna jambo la kweli kuhusu mtu, yaani watoto wengi. Na kuna hali ya mtaani ambayo msomaji wa Katuba au wa Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, ameipitia. Kimoja cha hivyo vitatu kikikosekana, kicheko hupungua. Bila karatasi, maneno yangeweza kuwekwa chini ya babu yeyote. Bila watoto, ingekuwa kelele tu ya ada ya shule. Bila mtaa, tungebaki na somo la historia.

Maneno ya picha yasieleze jambo lenyewe; yaseme kinachofuata baada yake. Inasimuliwa kwamba Beethoven alikuwa akihesabu punje 60 za kahawa kwa kila kikombe alichokunywa. Mwandishi asiye na uzoefu ataandika: «Beethoven alipenda kahawa na alihesabu punje 60.» Hiyo ni taarifa. Mwandishi mwenye subira ataiacha taarifa hiyo iingie katika mstari mdogo wa chini, kwa herufi ndogo, kisha kwenye picha iliyochorwa na Joseph Karl Stieler mwaka 1820, ambamo mzee Beethoven ameshika kalamu ya risasi, ana kitambaa chekundu shingoni na macho yameinuka kwa hasira iliyojificha, ataandika: «Hamsini na tisa. Nani aliingia jikoni?» Picha hiyohiyo, kwa sababu ya yale macho yanayotazama juu, inakubali pia maneno mengine ambayo watu wa mji wetu hawahitaji maelezo kuyaelewa: «Mlisema umeme unarudi saa ngapi?» Mimi napendelea la kahawa, kwa kuwa la umeme linaweza kuwekwa kwa mtu yeyote anayetazama dari.

Si lazima aliyechorwa ndiye asemaye, na jambo hili husahauliwa sana. Mwaka 1705, Bach akiwa kijana mpiga kinanda wa kanisa kule Arnstadt, Ujerumani, aliomba ruhusa ya majuma manne ili aende Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri. Alikwenda kwa miguu, safari ya kilomita 400 hivi, ambayo ni ndefu kuliko kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, na hakurudi ila baada ya miezi kama minne. Wakubwa wa kanisa walimkemea kwa kuchelewa, na tena wakamlaumu kwamba upigaji wake mpya unawachanganya waumini wanapoimba. Kila kwaya inamjua mpiga kinanda wa aina hiyo. Hapa sauti tamu zaidi ni ya mzee wa kanisa: «Tulimpa majuma manne. Amerudi na miezi minne, na nota ambazo hata Mungu anaziuliza.» Ukitaka Bach ajibu, mpe sentensi moja fupi tu: «Miezi nayo si majuma?»

Watunzi wengine hawahitaji maelezo marefu. Schubert alianza simfonia moja, yaani muziki mrefu wa okestra, mwaka 1822, akamaliza sehemu mbili, nyingine akaziacha. Katika mji wetu wenye nyumba nyingi zinazongoja paa, inatosha kumwekea: «Vyumba viwili vimekwisha. Vingine, Mungu akipenda.» Brahms alikuwa hana ndevu mpaka mwaka 1878; weka picha ya ujanani na ya uzeeni pamoja, uandike: «1878: kinyozi wangu alifunga duka.» Rossini aliacha kutunga opera baada ya mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 37, akaishi mpaka 1868 akipenda sana chakula kizuri: «Opera zimetosha. Bukari imeiva?» Bukari ndio ugali wetu.

Nakaa kidogo zaidi kwa Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, kwa sababu kwaya zetu humsahau na picha yake ni hazina. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake akiwa mtumwa mwenye asili ya Afrika, akawa mmoja wa wapiga fidla na wapiganaji wa upanga mashuhuri zaidi wa Ufaransa, na ndiye aliyeongoza okestra ya Paris iliyopiga kwa mara ya kwanza simfonia sita ambazo mtunzi Haydn aliombwa kuuandikia mji huo. Mather Brown alipomchora mwaka 1787 hakumpa fidla mkononi, alimpa upanga. Mtunzi mwenye upanga ni zawadi kwa anayeandika maneno ya picha: «Nani amesema fidla yangu haikupatana? Asogee karibu.»

Kuhusu mipaka, nisirefushe, lakini ni lazima isemwe. Uziwi wa Beethoven umetaniwa mno na hauchekeshi. Upofu vilevile. Hata hivyo, kuna mlango wa pembeni: badala ya mgonjwa, mcheke mganga. Bach alipasuliwa macho mwaka 1750 na daktari wa Kiingereza, John Taylor, aliyezunguka Ulaya akijisifu kwa sauti kubwa, na baadaye Handel naye alipita mikononi mwake; hakuna kati yao aliyepona. Mganga anayejitangaza na kuondoka mjini kabla bandeji haijafunguliwa anastahili kila neno utakaloandika. Unene nao ni mtego. Joseph Goupy alimchora Handel mwaka 1754 akiwa na pua ya nguruwe, ameketi juu ya pipa mbele ya kinanda, na mchoro huo ukikuchekesha mara ya kwanza, mara ya pili hauna jipya la kukuambia.

Watu huuliza kwa nini wazee hao hawatabasamu, na jibu lina faida kwa mwandishi. Kuchorwa kulichukua saa nyingi, hakuna anayeweza kushikilia tabasamu kwa muda huo, na kuonyesha meno kulihesabiwa kukosa adabu: mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alipojionyesha mwaka 1787 huku meno yake yakionekana kidogo, watu wa Paris walilalamika. Uso mkavu ni mali yako. Maneno laini chini ya uso mkali huchekesha; maneno ya kelele chini ya uso mkali hugongana nao. Kwa hiyo ondoa alama za mshangao, na usiandike «ha ha» mwishoni, kwa maana anayecheka kabla ya wageni huwaondolea kicheko.

Sasa mashairi. Kwa ubeti mwepesi, tarbia ya mizani kumi na sita inatosha: mistari minne, kila mmoja vipande viwili vya mizani nane, vina vya kati na vya mwisho vikilingana katika mistari mitatu ya kwanza. Chagua kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Mwaka 1772, bwana mkubwa Nikolaus Esterházy aliwakawiza wanamuziki wake katika kasri la mashambani, mbali na wake zao. Haydn, kiongozi wao, ambaye wanamuziki hao walimwita Papa, hakwenda kulalamika. Alitunga simfonia ambayo mwishoni mwake kila mpigaji huzima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wakabaki wapiga fidla wawili. Bwana alielewa, akawaruhusu waende. Tazama ubeti:

*Mishumaa twaizima, mmoja mmoja twenda,*
*Bwana wetu atazama, ashangaa, «Wapi mwenda?»*
*Papa wetu kainama, nota zake zimeshinda,*
*Kesho kwetu tutakwenda, wake zetu watungoja.*

Mstari wa tatu ndio unaofundisha. Fikra ya kwanza inayomjia mtu ni «Papa Haydn amecheka», lakini jina hilo mdomoni mwetu huwa «Haideni», kipande kinafikia mizani kumi, na kina cha «-ma» kinavunjika. Ukijaribu kulibana jina, shairi litachechemea mbele ya watu. Dawa ni kuliondoa jina na kuliweka kwenye kichwa cha ubeti, kisha kutafuta tendo lenye kina kinachotakiwa. «Kainama» lilikuja kwa ajili ya kina, kisha likaleta picha nzuri kuliko kicheko: mzee ameinamia nota zake, anajifanya hajui kinachoendelea nyuma yake. Kina kikikusukuma, mara nyingine kinakusukuma pazuri. Majina ya Kizungu yahesabiwe kama yanavyotamkwa na wasomaji wako, na ukishachagua hesabu, usiibadilishe katikati ya shairi.

Kwa simu, ambako watu husoma wakiwa ndani ya taksi, mistari minne ya mizani nane inafaa zaidi:

*Sitini zilikuwamo,*
*mkono umetembea,*
*na moja sasa haimo:*
*kazi leo nagomea.*

Hapo hakuna jina wala maelezo, kwa sababu uso wa Beethoven uko juu yake.

Mji huu una mwalimu wake katika kuunganisha picha na maandishi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970 juu ya kitambaa cha magunia ya unga, aliandika maneno ndani ya michoro yake, na mtazamaji wa Lubumbashi alizoea kusoma anapotazama. Jifunze kwake mahali pa kuweka maneno: yasifunike uso wala mikono, herufi ziwe kubwa za kusomeka na mtu aliyesimama mlangoni, na mistari isizidi miwili. Kwenye simu punguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma, ili kichekesho chako kisimalizie wenzako vifurushi vyao.

Michoro ya watunzi hao ni ya zamani kiasi kwamba wachoraji wake hawana tena wa kuidai. Picha za mababu zetu wenyewe ni jambo jingine. Babu aliyepigwa picha studioni wakati mji ukiitwa Elisabethville, ameshika redio asiyokuwa nayo nyumbani, anafaa kwa utani kuliko Mozart, lakini omba ruhusa kwa familia yake kwanza, na umwonyeshe mkubwa wa nyumba maneno kabla hayajaonekana na watu. Akicheka, tundika. Akinyamaza, mrudishie picha na uendelee na Brahms.

Mwisho, usimruhusu mwongoza sherehe asome maneno hayo kwa kipaza sauti. Satie, mtunzi wa Kifaransa, ambaye mwaka 1913 aliandika juu ya nota zake kwamba mpigaji apige kama ndege anayeumwa meno, baadaye alikataza maneno yake yasisomwe kwa sauti muziki unapopigwa. Tundika picha zako jioni kabla ya mazoezi, ondoka, na mwache kila mtu azikute mwenyewe anapotafuta kiti.