Gazeti la kina mama kwa karatasi moja

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Natoa fotokopi, nataipu barua, najazia watu fomu. Mwaka wa pili sasa chama chetu cha kina mama wa soko la Kibuye kinatoa gazeti la karatasi moja, mbele na nyuma, kila mwezi. Wenzetu wa masoko mengine wananiuliza tunafanyaje. Nitawaambia, ila njia si yangu. Nimeiiba kwa Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1936.

Anaitwa Marguerite Durand. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani Paris kabla ya kuingia uandishi wa habari. Mwaka 1896 gazeti la Le Figaro lilimtuma kwenye kongamano la kimataifa la wanawake, akaandike makala ya kuwakejeli. Alienda, akawasikiliza, kisha akakataa kuiandika. Tarehe 9 Desemba 1897 akatoa gazeti lake mwenyewe, La Fronde, la kila siku. Waandishi, wahariri, hata wapanga herufi, wote wanawake. (Alifuga pia simba jike aliyemwita Tigre, yaani chui milia. Hilo msiige.)

Kwa hiyo, kwanza, kazi yote ifanywe na kina mama wenyewe. Toleo letu la kwanza nilimwachia mpwa wangu ataipu kwa sababu ana mikono myepesi. Habari ya vyoo vibovu vya soko akaipa kichwa "Kina mama walalamika tena". Tangu siku hiyo nataipu mwenyewe, polepole.

Malipo yawe sawa. Durand aliwalipa wapanga herufi wake mshahara wa wanaume wa kazi hiyo, jambo lililowaudhi wengi. Kwetu kila habari ni shilingi hamsini, awe ameiandika mwalimu mstaafu au ameisimulia kwa mdomo muuza omena asiyejua kusoma. Anayesimulia, msomee ulichoandika kabla hakijachapwa. Mara nyingi atakurekebisha bei.

Sasa dini, ndipo tulipokaribia kuvunjika. Chama kina Wasabato, Wakatoliki, Legio Maria na Waislamu wa Kaloleni. Toleo lile lile la kwanza lilifungua na aya ya Biblia, chini yake tangazo la harambee ya kanisa. Mama mmoja wa Kaloleni, muuza mahamri, alilishika akaniuliza, "Huu nilioutoa ni mchango wa gazeti ama sadaka?" Sikuwa na jibu.

Durand alikuwa nalo. Juu ya La Fronde iliwekwa tarehe ya kalenda zaidi ya moja, ikiwamo ya Kiyahudi na ile ya Mapinduzi ya Ufaransa, ili kalenda ya Wakatoliki isijifanye ndiyo ya nchi nzima. Na Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, alipozomewa na magazeti mengi, La Fronde ilisimama naye. Mwandishi wake Séverine aliripoti kesi ya Dreyfus mjini Rennes mwaka 1899. Sisi tuliondoa aya na matangazo ya ibada, yote, bila kumbagua yeyote. Juu tunaweka tarehe mbili, ya kawaida na ya Kiislamu. Gazeti linatoka Jumatano, mbali na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wasabato walinuna mwezi mmoja, wakarudi.

Habari zenyewe ziwe za kumfaa mtu asubuhi hiyo: ushuru, bei ya gunia, nani anakopesha kwa riba gani. Ya mtu mmoja tu usiichape. Tafuta wa pili aliyeiona.

Pesa zikusanywe kabla ya kuchapa. La Fronde ilienda kila siku hadi 1903, ikashuka ikawa ya mwezi, ikafa 1905, kwa sababu gharama zilizidi mapato. Ndiyo maana tulianza na mwezi moja kwa moja: kopi sitini, shilingi kumi kila moja.

Mwisho, weka nakala ya kila toleo kwenye faili ya plastiki, mbali na maji. Durand aliweka kila karatasi iliyohusu wanawake, na mwaka 1931 akaupa mji wa Paris mkusanyiko wote. Maktaba yake ipo mpaka leo, ina jina lake. Faili yangu inaanzia toleo la pili. La kwanza niliacha kaunta, nikarudi nikakuta mtu amefungia omena.