Somo: Kukagua meli ya kigeni ya uvuvi baharini bila kupoteza ushahidi

Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua katika ukanda wa kiuchumi wa bahari wa Tanzania, na jodari waliokuwamo wakajulikana mitaani kwa jina la "samaki wa Magufuli", kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Hukumu ilitolewa 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwenendo wa kesi kwa dosari za utaratibu, wakati samaki wenyewe walikuwa wamekwisha kugawiwa. Kwa hiyo somo hili halihusu namna ya kuikimbiza meli. Linahusu utaratibu, ambao kwa maoni yangu ndio unaolinda bahari yetu kuliko injini ya boti ya doria.

Hatua ya kwanza: kabla ya kung'oa nanga. Chukua orodha ya leseni kutoka Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Zanzibar, kisha ilinganishe na orodha ya meli zilizoidhinishwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi iliyoko Victoria, Shelisheli. Usitegemee jina la meli peke yake, kwa maana jina hupakwa rangi upya na bendera hubadilishwa, bali tafuta namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), ambayo hubaki na meli hiyo tangu inapopewa mpaka inapovunjwa.

Hatua ya pili: mahali na saa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wakili wa utetezi atakapoanzia. Ukanda wetu unaishia maili 200 za baharini kutoka mstari wa msingi wa pwani, na mashtaka yote yanasimama juu ya swali la kama meli ilikuwa ndani ya mstari huo au nje yake. Pima mahali kwa vifaa viwili vya GPS visivyotegemeana, piga picha ya vioo vyote viwili, na uweke alama kwenye ramani ya bahari papo hapo. Kuhusu saa, chagua mfumo mmoja na uutaje katika kila ukurasa. Mkaguzi wetu huandika saa nne asubuhi kwa mazoea, nahodha ameandika 10:00 kwenye kitabu chake, na taarifa ya setilaiti inaonyesha 07:00 kwa saa za dunia. Zote tatu ni dakika ileile, lakini hakimu aliyewekewa karatasi tatu zisizoelezana ana haki ya kutia shaka.

Hatua ya tatu: kupanda. Ita kwa redio chaneli 16, jitambulishe, eleza sheria unayoitumia, na uamuru mishipi au nyavu ziachwe zilivyo. Boti ndogo ikaribie upande wa demani, ambako meli yenyewe inakinga upepo na mawimbi. Wakati wa kusi, kama ngazi haitulii, subiri.

Hatua ya nne: karatasi kwanza, kisha ghala la ubaridi. Soma leseni, kitabu cha kumbukumbu za uvuvi na mchoro wa maghala kabla hujagusa samaki, ili ujue nahodha anadai kuwa na nini. Baada ya hapo shuka ghalani ukiwa na shahidi na kamera. Katika meli za mishipi mirefu, fungua magunia na uangalie nyuma ya jodari wa mbele, kwa kuwa mapezi ya papa huchukua nafasi ndogo na huuzwa ghali. Januari 2018, meli ya Buah Naga 1, iliyopeperusha bendera ya Malaysia, ilikutwa na mapezi hayo katika maji ya Tanzania. Hesabu mapezi, hesabu miili, na uandike tofauti bila kuongeza maoni.

Hatua ya tano: kuzuia meli. Funga maghala kwa lakiri zenye namba, chukua sampuli, na kila anayepokea kielelezo atie saini yake pamoja na saa. Serikali ya bendera iarifiwe bila kuchelewa, kama Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unavyotaka katika ibara ya 73.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Meli ikikimbia na kuvuka mpaka wa ukanda, tunaweza kuendelea kuifuata?*

Marahaba. Ndiyo, kwa mujibu wa ibara ya 111 ya Mkataba huohuo wa 1982, iwapo mlianza kuifuata ikiwa bado ndani, mkatoa amri ya kusimama kwa ishara inayoonekana au kusikika, na hamkukatiza ufuatiliaji. Tumieni king'ora na taa pamoja na redio, na mrekodi yote. Haki hiyo inakoma meli ikiingia katika bahari ya eneo la nchi yake au ya nchi nyingine.

*Je, nahodha wa kigeni anaweza kufungwa jela?*

Kwa makosa ya uvuvi ndani ya ukanda wa kiuchumi, ibara ya 73 hairuhusu kifungo pasipo makubaliano na nchi husika. Meli na mabaharia wake nao waachiliwe mapema dhamana ya kuridhisha ikiwekwa. Ndiyo maana faini na utaifishaji vinahitaji ushahidi uliokamilika.

*Sisi ni wavuvi wa mashua Kilifi. Usiku tunaona taa za meli kubwa karibu na mitego yetu. Tufanye nini, ndugu mwalimu?*

Msiikaribie. Andikeni saa, nukta za GPS za simu, uelekeo wa meli na, kama inasomeka, jina na herufi za mwito ubavuni. Pigeni picha hata ikiwa hafifu, kisha pelekeni taarifa asubuhi hiyohiyo kwa afisa uvuvi kupitia kamati yenu ya usimamizi wa fukwe (BMU), na mbaki na nakala yenye tarehe.