SOMO: Thamani za karata na kupiga jumla ya mkono kwenye blackjack (A ndo inawachanganya wengi)

Wakuu salama? Kila nikiona mtu anauliza mambo ya blackjack anarukia moja kwa moja kwenye niongeze karata lini, nisimame lini, nidabo (niweke dau mara mbili) lini, wakati ukimwekea mezani A, 5 na 9 ukamuuliza ana ngapi anaanza kuhesabu kwa vidole. Sasa kama jumla yenyewe inakusumbua hizo mbinu zitakusaidia nini? Dila (mgawa karata wa kasino, ndo unayeshindana nae) anagawa haraka haraka, na kwenye simu ndo kabisa, unapewa sekunde chache ubonyeze. Leo tunafundishana hesabu tu: mkono ni karata ulizoshika, na unatakiwa jumla yake imzidi dila bila kupita 21. Na kama hujafika miaka 18 hii mada sio yako, kaendelee na shule.

HATUA YA 1: Aina ya karata haina kazi

Kopa, uru, shupaza, pau, zote sawa tu. Humu hakuna turufu, hakuna kufuata aina, hakuna karata kumla mwenzake. 9 ya kopa ni tisa na 9 ya shupaza ni tisa, imeisha hiyo.

HATUA YA 2: Namba na picha

Karata ya 2 mpaka 10 inahesabiwa kama ilivyoandikwa. J, Q na K kila moja ni 10. K haimzidi Q wala Q haimzidi J, wote kumi. Kwa iyo kwenye pakiti ya karata 52 zenye thamani ya kumi ziko 16 (10 nne, J nne, Q nne, K nne), yani karibu moja katika kila tatu, na hiyo ndo namba moja ambayo ningependa uondoke nayo hapa hata ukisahau mengine yote.

Ila msiipeleke mbali sana. Kuna walimu wa mtandaoni wanawaambia watu "karata ya dila iliyofunikwa ichukulie kuwa ni kumi". Kumi ndo thamani inayotoka sana kuliko nyingine yoyote, sawa, lakini mara nyingi zaidi ile karata SIO kumi, kama mara mbili kwa kila tatu. Itumie kama makadirio, usiape nayo.

HATUA YA 3: A (ree)

A ni 1 au 11. Huhitaji kumtangazia mtu umechagua ipi, hesabu inajichagulia yenyewe ile inayokufaa bila kupita 21. Njia rahisi ambayo haikosei ni hii hapa: kila A ihesabu kama 1 kwanza, jumlisha mkono wote, afu angalia. Ukipata 11 au pungufu na mkononi kuna A hata moja, ongeza 10. Ukipata 12 kwenda juu acha kama ilivyo.

A, 5, 9: 1+5+9 = 15. Imezidi 11, basi una 15.
A, 3, A, 5: 1+3+1+5 = 10. Ongeza 10, una 20.
A, 4, 6: 11. Ongeza 10, una 21.
A, 2, 2, K: 15, inabaki 15.
A, A, A, 8: 11. Ongeza 10, una 21.

Ile 10 unaiongeza mara moja tu hata kama A ziko nne, maana A mbili zote zikiwa 11 tayari ni 22 umeshapita. Chukua pakiti ya nyumbani, gawa karata tatu tatu, taja jumla kwa sauti. Jioni mbili tatu tu utaona mdomo unataja kabla hujafikiria. Ukikutana na karata nyingi anza na zinazotengeneza kumi: 3, 5, 7 usianze tatu na tano, chukua 3 na 7 ni kumi, weka 5, kumi na tano.

HATUA YA 4: Mkono laini na mkono mgumu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha somo lote. Jumla kwenye blackjack sio namba tu, ni namba pamoja na swali moja: karata moja zaidi inaweza kuniua au haiwezi?

Chukua K na 7. Ni 17. Chukua A na 6. Nayo ni 17. Wengi wanazicheza sawa sawa na hapo ndo pesa inapovuja. K na 7 ni mkono mgumu, ukiongeza karata yoyote kuanzia 5 kwenda juu (A, 2, 3 na 4 tu ndo salama) umebasti, umepita 21, dau limekwenda. Yani aina 9 kati ya 13 zinakuua. Ila A na 6 ni mkono laini, ile A bado inasimama kama 11 na inaweza kushuka ikawa 1 muda wowote, kwa iyo hakuna karata hata moja kwenye pakiti itakayokubastisha kwa mara hiyo. Ikija 4 una 21. Ikija 2 una 19. Ikija K, A inashuka, unarudi 17. Ikija 9 unakuwa na 16, na hapo kumbuka mkono umeshageuka mgumu, A imetumika kama 1 na kinga imeisha, ukiongeza tena unaongeza kwa hatari yako.

Sasa mtu atasema mbona 17 ni nzuri, nisimame tu. Dila haruhusiwi kusimama chini ya 17. Maana ake ukisimama na 17 huwezi kumshinda dila aliyemaliza mkono wake bila kubasti, unaweza kutoka nae sare akiwa na 17 basi. Unakaa unaomba abasti tu. Ndo maana yale majedwali ya uchezaji (yanayokuonyesha lini uongeze na lini usimame) hayakuambii hata siku moja usimame kwenye A na 6. Na majedwali yenyewe hayakutungwa na wahuni wa Las Vegas, hesabu yake ya kwanza ya maana ilifanywa na wanajeshi wanne wa Marekani pale Aberdeen, Maryland (Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott), kwa mashine za mezani za kujumlisha, wakaitoa kwenye jarida la wanatakwimu mwaka 1956. Kompyuta zilikuja baadae.

A na 7 ni 18 laini, nayo inawasumbua watu. Dila akionyesha 7 au 8 unasimama. Akionyesha 9 au karata ya kumi, jedwali linakwambia ongeza, na najua wengi moyo unagoma kuvunja 18, lakini ni laini hiyo, haiwezi kubasti kwa karata moja.

HATUA YA 5: Nafasi iliyobaki

Toa jumla yako kwenye 21, jibu ni karata kubwa kabisa unayoweza kubeba. Una 15 ngumu? Nafasi ni 6. Ya 7 inakumaliza. Hatari ya kubasti kwa karata moja kwenye mikono migumu (pakiti zikiwa nyingi mezani) ni hivi: 12 ni kama asilimia 31, 13 ni 38, 14 ni 46, 15 ni 54, 16 ni 62, 17 ni 69. Jumla ya 11 au chini haibasti, kwa iyo ukimwona mtu anasimama na 10 mwache, ana pesa za kuchezea.

12 watu wanaiogopa mno. Kinachoiua ni 10, J, Q, K peke yake.

HATUA YA 6: 21 sio lazima iwe blackjack

Blackjack ni karata mbili za mwanzo tu, A na karata ya kumi. 7, 7, 7 ni 21 nzuri tu ila sio blackjack, na dila akiwa na A na Q anakuchukua. Blackjack inatokea kama mara moja kwa kila mikono 21. Meza nzuri inalipa 3 kwa 2, umeweka 10,000 unapata 15,000 juu ya dau lako. Meza nyingine siku hizi wanalipa 6 kwa 5, hapo 10,000 inakupa 12,000. Watu wanaona tofauti ndogo, sio ndogo hata kidogo, hiyo peke yake inaongeza faida ya kasino kwa zaidi ya asilimia moja. Soma kitambaa cha meza kabla hujakaa.

HATUA YA 7: Dila

Anahesabu kama wewe ila hana uamuzi. 16 kushuka anaongeza, 17 anasimama. Wewe ndo unacheza kwanza, ukibasti pesa inachukuliwa palepale hata kama baadae na yeye anabasti. Kasino inapata faida yake hapo hapo, wala haihitaji kuchezea karata.

Karibuni kwa maswali.

———

MDAU: Mkuu mimi mtu wa Tanga nimekulia kwenye wahedi na sitini, kule A ni 11, saba ndo kumi, K nne, J tatu, Q mbili. Nikikaa kwenye blackjack kichwa kinagoma, juzi nimeona 7 na A nikajiona nina 21.

JIBU: Hahaha pole sana. Kilichobaki sawa ni A kuwa 11, na hiyo nayo ni nusu tu maana huku inashuka. Saba huku ni saba. Wazungu wote (K, Q, J) ni kumi. Na 8, 9 na 10 ambazo kule mnazitoa huku zipo. 7 na A ni 18 laini, rudi hatua ya 4.

MDAU: Jamaa yangu anabisha anasema kasino K na Q ni sifuri, amecheza.

JIBU: Hajadanganya, amecheza baccarat. Kule kumi na picha ni sifuri, A ni 1, na jumla unachukua tarakimu ya mwisho, 7 na 8 zinakuwa 5, mkono mkubwa ni 9. Meza tofauti mkuu, msibishane.

MDAU: Kwenye simu yangu inaniandikia 7/17, ndo nini hiyo, nimeweka dau mara mbili?

JIBU: Hapana, hapo una mkono laini, inakuonyesha A ikiwa 1 na A ikiwa 11. Ukiona namba imebaki moja ujue mkono umekuwa mgumu.

MDAU: Kuna video nimeona wanasema 2 mpaka 6 ni +1, halafu 10 na A ni -1. Sasa mbona wewe unasema 10 ni kumi? Au kuna blackjack mbili?

JIBU: Blackjack ni ileile. Hizo ni thamani za kuhesabu karata zilizokwisha toka, hazihusiani na jumla ya mkono wako. Wazo ni kwamba karata ndogo zikitoka nyingi, zilizobaki zina kumi na A kwa wingi, na hiyo inamfaa mchezaji. 7, 8 na 9 zinakuwa sifuri. Profesa Edward Thorp wa Marekani ndo aliyewaamsha watu na habari ya kuhesabu karata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye michezo ya simu ambayo pakiti inachanganywa upya kila mkono, hiyo hesabu ni kujichosha bure.

MDAU: Dila alikuwa na A na 6 akaongeza karata. Wewe umesema 17 anasimama. Nimeibiwa?

JIBU: Sio lazima. Kuna meza dila anasimama kwenye 17 zote na kuna meza ambazo 17 laini anatakiwa aongeze, inaandikwa kwenye kitambaa au kwenye sheria za mchezo. Ile ya kuongeza ni mbaya kwako kidogo. Ukiwa na uchaguzi kaa meza ya kusimama.

MDAU: Kamari ni haramu ndugu zangu, mnafundishana kupotea.

JIBU: Sawa shehe, nimekusikia na sibishani na wewe. Anayetaka hesabu tu acheze nyumbani kwa maharage, jumla ni ileile na hakuna anayepoteza ada ya mtoto.

MDAU: Nilipata A mbili nikazipasua (nikazitenganisha ziwe mikono miwili), moja ikaja K. Wakanilipa kawaida sio ile ya blackjack. Hii ni haki kweli?

JIBU: Ndo sheria ya meza karibu zote. Baada ya kupasua, A na K ni 21 ya kawaida. Na A ukizipasua mara nyingi unapewa karata moja moja tu juu yake, huruhusiwi kuongeza. Bado ni bora upasue, maana A mbili pamoja ni 12 tu, zikitengana kila mkono unaanza na 11.

MDAU: Na 8 mbili je? Hiyo ni 16, nasimama au?

JIBU: Ni 16 ngumu, na 16 ndo jumla mbaya kuliko zote, ukiongeza asilimia 62 inakuua, ukisimama unasubiri dila abasti. Ila kwa kuwa ni pea una mlango wa tatu, pasua, unapata mikono miwili ya 8. Utatoa dau la pili hapo, kwa iyo kabla hujakaa hakikisha unalo.