Mazingaombwe ya sarafu kwa watoto wadogo
Kama unataka kuona mtoto wa miaka 4 au 5 anavyochanganyikiwa kwa furaha, tafuta sarafu ya mia mbili tu, basi. Ishike kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kikiangalia juu, halafu leta mkono wa kulia kama unaichukua, dole gumba lipite chini ya sarafu na vidole vingine viifunike kwa mbele, hapo hapo iachie idondoke kwenye kiganja cha kushoto huku wa kulia unafunga ngumi kama umeibeba.

Siri iko machoni, wewe kodolea ngumi ya kulia, ukichungulia kushoto tu umekwisha, hawa watoto wana macho balaa (fanya mazoezi kwenye kioo kwanza).

Waambie wapulize, fuuu! Fungua, haipo! Kisha itoe nyuma ya sikio la mmoja wao kwa ule mkono wa kushoto. Watapiga kelele "tena tena!" ila usirudie papo hapo, safari hii watakodolea mikono. Na wale wadogo kabisa usiwaachie sarafu, wanameza. Wangu alinipekua mpaka soksi 😂