Viungo Vinapowaka Alfajiri: Kujiandaa kwa Baridi Yabisi Ukiwa Lamu

Hapa Lamu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na lawama huangukia upepo wa kusi au maji ya kuogea. Mwongozo huu unahusu ugonjwa mmoja tu kati ya hayo, ule ambao madaktari huuita rheumatoid arthritis, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, mara nyingi ukianzia kwenye vidole na vifundo vya mikono yote miwili, na kumfanya mgonjwa aamke amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huweza kutulia kwa miezi kisha ukawaka kwa usiku mmoja. Shangazi yangu, ambaye hushona kofia kwa mkono, aliutambua kwa sindano: alfajiri moja vidole vilishindwa kuibana, na pete ikagoma kupita kwenye kifundo kilichovimba. Tangu siku hiyo huvua pete mara anapohisi joto la kwanza vidoleni, nami nawashauri wote wafanye hivyo.

Jambo la kwanza ni kupambanua, kwa kuwa si kila uvimbe ni wa kungojea kuche. Kiungo kimoja kikivimba kupita vingine, kikawa chekundu na cha moto, na mwili ukapata homa au kutetemeka, huenda vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, na hapo mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa ikiwa anatumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, au jicho kuwa jekundu na kuuma.

Ikiwa dalili hizo hazipo, usiku wenyewe una kazi yake. Kiungo chenye moto hutulizwa kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 15, ilhali ukakamavu wa asubuhi huitikia maji ya uvuguvugu. Pumzisha kiungo, lakini ukikunje na kukikunjua taratibu mara kadhaa kwa siku kadiri maumivu yanavyoruhusu, maana kikilala kabisa hukaza zaidi. Dawa ya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni imezwe baada ya chakula, na kamwe zisichanganywe mbili za aina hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba asizitumie kabla ya kumuuliza daktari.

Hapa kwenye dawa ndipo nimeona makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Methotrekseti, dawa ya kuizuia kinga isiendelee kushambulia viungo, humezwa mara moja kwa wiki, na kuimeza kila siku kwa kudhani maumivu yataisha haraka kunaweza kuua. Andika siku yake juu ya pakiti kwa herufi kubwa. Anayeitumia amwambie mwuza dawa kabla ya kupewa dawa yoyote ya vijidudu, kwa sababu Septrin, inayopatikana kirahisi madukani, huweza kuharibu uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, ikikutana nayo. Prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, nayo isiongezwe kwa kukisia, wala aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla. Zile poda zisizo na jina zinazoondoa maumivu kwa siku moja zitiliwe shaka, kwani baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri.

Msaada wa haraka hupangwa wakati mgonjwa ni mzima. Mwombe daktari, kwenye kliniki ya kawaida, akuandikie ufanye nini ugonjwa ukiwaka na umpigie nani, na uwe na akiba ya dawa ya wiki mbili. Katika mji wa Lamu hospitali ya King Fahd ipo kisiwani, lakini anayetoka Pate au Faza hutegemea maji kujaa ili boti ipite mkondo wa bahari wa Mkanda, na anayepewa rufaa kwenda Mombasa huvuka hadi Mokowe kisha akashika njia ya Witu, Garsen na Malindi. Kwa hiyo ukiona viungo vinazidi kuvimba kwa siku mbili mfululizo, piga simu mapema, usingoje siku ya tano. Chagua kushuka gatini maji yakiwa yamejaa, kwani yakitoka ngazi za chini huwa na utelezi, na kupanda punda kwa magoti yaliyovimba si mzaha.

Piga picha za vidole vilivyovimba zikiwa na tarehe, kwa sababu mara nyingi uvimbe hushuka kabla ya kumfikia daktari, naye hubaki kukusikiliza tu. Daftari dogo la dawa, dozi zake na majibu ya vipimo vya damu vya mwisho likae pamoja na kitambulisho. Nyumbani, mmoja ajue kwamba ukisema, "Mwanangu, leo mikono haifungi," basi mbuzi ya nazi na ndoo za maji si zako siku hiyo. Ramadhani inapokaribia, uliza mapema namna ya kupanga dawa kati ya futari na daku, au kama inafaa ufunge.

Mwako ukishatulia, mweleze daktari hata kama hujisikii vibaya tena, maana ukirudi mara mbili ndani ya miezi michache kwa kawaida inabidi dawa za kila siku au za kila wiki zitazamwe upya.